Mtoto wa kiume kuitwa Imani: kuna ubaya wowote?

Kifungo cha Koti (mleta mada)

Habari za muda huu wakuu. Niende moja kwa moja.

Mke wangu yuko mwezi wa mwisho na kipimo kinasema ni dume. Jina tulilokubaliana sisi wawili ni Imani. Sababu zetu si za kumwaga hapa, ila mjue tu kwamba lina uzito kwetu na hatukuliokota kwa fasheni.

Shida ni watu. Kila tukilitaja mtu anauliza, "Kumbe ni wa kike?" Shemeji kasema mtoto atateseka shuleni. Mama mkwe hakusema kitu, alikohoa tu, na wanaomjua wanajua kikohozi kile kina maana gani. Rafiki yangu mmoja kanishauri nitafute "jina la kiume linaloeleweka", wakati yeye mwenyewe anaitwa Bahati na mke wake pia anaitwa Bahati!

Nataka kusikia kutoka kwa walioishi na majina ya namna hii, au waliowapa watoto wao. Wa kejeli mtakuja tu, siwezi kuwazuia, lakini wenye hoja watangulie.

Mzee wa Kona

Majina ya kiume yameisha? Juma lipo, Musa lipo, Petro lipo. Mnahangaika nini? Mwiteni Juma mlale.

Binti Mwalimu

Mkuu Kifungo, mimi nafundisha watoto wadogo, na nikuambie kitu ambacho wakubwa wengi hawakijui. Watoto hawajali jina ni la jinsia gani kama tunavyowadhania.

Darasa langu la sasa lina akina Bahati wawili, wa kike na wa kiume. Mwanzoni nilikuwa nikiita Bahati wanasimama wote. Kabla sijapata ufumbuzi watoto wakawa wameshaumaliza wenyewe: kuna Bahati Mrefu na kuna Bahati wa Dirishani. Mrefu ndiye msichana. Sijasikia hata siku moja mtu akimwambia yule wa dirishani kwamba ana jina la kike.

Kinacholiza watoto ni jina linalofanana kimlio na kitu cha kuchekesha. Kiungo cha mwili, mnyama, tusi. Nimeshuhudia kijana mwenye jina la kiume lisilo na shaka hata chembe akitaniwa mpaka anakataa kuingia darasani, kwa sababu tu ukiondoa herufi ya mwanzo linabaki neno la chooni. Kwa hiyo shikeni hilo jina lenu mlitamke harakaharaka, mlikate mbele, mlikate nyuma, mligeuze. Watoto watafanya hivyo hivyo. Imani mimi nimelijaribu hapa sasa hivi, sioni baya linalotoka.

Furaha wa Kweli

Ngoja nije na ushuhuda maana mada inanihusu. Mimi ni mwanaume na Furaha ndilo jina langu la kwenye vyeti, siyo la mtandaoni.

Utotoni hakukuwa na shida yoyote. Nyumbani na kwa majirani watu walinijua mimi kwanza, jina likaja baadaye. Shida ilianza pale jina lilipoanza kufika mahali kabla yangu.

Nilipopangiwa shule ya bweni nilifika jioni na sanduku langu la bati kichwani. Orodha za mabweni zilikuwa zimebandikwa mlangoni. Nikajitafuta kwenye mabweni yote ya wavulana, simo. Mwalimu wa zamu akachukua kalamu akawa anashuka nayo jina kwa jina, akageuza karatasi, akanitazama, akatazama karatasi tena. Nilikuwa nimepewa kitanda cha juu bweni la wasichana, pamoja na namba ya kabati. Usiku ule nililala stoo ya magodoro. Kwa kweli nililala vizuri kuliko wenzangu wote, magodoro yalikuwa mengi. Lakini ile "karibu shemeji" niliyoisikia asubuhi yake kwenye mstari ilinifuata muhula mzima, halafu ikaisha yenyewe walipopata wa kumcheka mpya.

Ukubwani ni barua pepe. "Mpendwa Bi. Furaha." Nikipiga simu mahali kufuatilia jambo langu naambiwa, "Tunaomba tuongee na mhusika mwenyewe." Nimekwisha kuzoea, siku hizi naanza kwa kusema mimi ndiye Furaha na ni mwanaume, tunaendelea.

Lina faida pia. Nikiingia kwenye usaili wale wa mezani wanatazamana, wanatabasamu, na ile baridi ya dakika za kwanza inavunjika bila mimi kufanya kazi. Mtu akikutana nami mara moja hanisahau. Nilipofikisha umri wa kulibadilisha kisheria nilifikiria, nikaona sina sababu.

Lakini mkuu, kuna kitu wazazi wangu wangeweza kukifanya wakanipunguzia usumbufu wote huo. Jina langu la pili ni Riziki. Furaha Riziki! Niambie wewe, karani anayeona hilo karatasini afanyeje? Laiti lingekuwa Furaha Hamisi, au Furaha Yakobo, nisingelala na magodoro.

Mzee wa Kona

Umelala stoo halafu unamshauri mwenzako apite njia hiyohiyo. Mwiteni Juma.

Msomaji wa Usiku

Tusibishane kwa hisia tu, hili jambo limefanyiwa utafiti.

Mwaka 2007 mchumi wa Marekani, David Figlio, alichapisha utafiti kuhusu wavulana wenye majina yanayobebwa zaidi na wasichana, akitumia kumbukumbu za wanafunzi wa Florida. Aligundua kwamba shule ya msingi hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao. Walipoingia shule ya kati, kwenye ule umri wa kubalehe, ndipo makosa ya nidhamu yalipoongezeka, na zaidi pale darasani palipokuwa na msichana mwenye jina hilohilo.

Kwa hiyo shemeji wa mleta mada hajakosea kabisa. Kuna umri ambao jina linamuuma mtu.

Binti Mwalimu

Msomaji, asante, lakini tusiweke chungu kimoja vitu viwili. Mvulana mwenye jina ambalo jamii nzima imeshaamua ni la kike, na mvulana mwenye jina ambalo wote wanalo, ni watu wawili tofauti. Wa kwanza anaonekana kavaa nguo ya mtu mwingine. Wa pili kavaa nguo ya kila mtu. Akina Bahati wangu wanalo jina moja darasa moja na hakuna anayejisikia kaibiwa.

Swali la kumuuliza mleta mada ni hili: huko mnakoishi, Imani wanaume mnawafahamu? Kama wapo, hilo jina ni la wote, endeleeni. Kama katika maisha yenu yote mmekutana na Imani wa kike tu, basi mjue mnamtanguliza mtoto peke yake, na hapo utafiti wa Msomaji unawahusu.

Kifungo cha Koti

Swali zuri sana mwalimu. Wapo. Nimesoma na Imani mwanaume, na fundi wetu wa umeme ni Imani, ana ndevu mpaka kifuani. Ila wa kike ni wengi zaidi, siwezi kudanganya.

Msomaji wa Usiku

Hapo kwenye "wa kike ni wengi zaidi" ndipo penye jambo, kwa sababu majina haya hayakai mahali pamoja. Mwaka 2000 wanasosholojia wakiongozwa na Stanley Lieberson walifuatilia majina ya watoto waliozaliwa jimbo la Illinois, Marekani, kwa miongo kadhaa. Waliona jina la jinsia zote likianza kupendwa kwa wasichana, wazazi wa wavulana wanalikimbia, na baada ya muda linabaki la kike. Safari ya kinyume chake ni adimu.

Mifano ipo wazi. Rais Gerald Ford alipozaliwa mwaka 1913 alipewa jina la Leslie, kumfuata baba yake mzazi, na hakuna aliyeshangaa. Mwigizaji John Wayne, yule wa kofia na farasi, alizaliwa mwaka 1907 akaitwa Marion. Ashley lilikuwa jina la wanaume, na mwaka 1991 na 1992 likaongoza orodha nzima ya majina ya wasichana Marekani. Mwandishi Evelyn Waugh alikuwa mwanaume, na mwaka 1928 alioa mwanamke anayeitwa Evelyn. Rafiki zao ikabidi waseme Evelyn wa kiume na Evelyn wa kike.

Maana yake unaweza kumpa mwanao jina la wote leo, akifika miaka thelathini akakuta limeshahamia upande wa pili yeye akiwa ndani.

Mama Pacha

Nimekaa nasoma tu lakini hapa naomba nisimame.

Nina mapacha wa kike, mmoja anaitwa Baraka. Nilipomwita hivyo hakuna aliyekohoa. Nilisikia "jina la nguvu hilo", "huyu atakuwa kiongozi", "mama umejua kuchagua". Leo mwenzetu anataka kumwita mvulana Imani, watu wanamletea pole kana kwamba mtoto kazaliwa na kasoro.

Kwa hiyo tuseme ukweli, hakuna anayehofia utata. Utata wa Baraka wangu ni uleule. Mnachohofia ni mvulana kudhaniwa msichana, kwa sababu ndani ya vichwa vyetu msichana akipewa la kiume kapandishwa cheo, na mvulana akipewa la kike kashushwa. Ndiyo maana hayo majina ya Msomaji yanahama kuelekea upande mmoja tu. Hayasukumwi na wasichana. Wazazi wa wavulana ndio wanaokimbia, kila mmoja akimwangalia jirani yake, kama abiria wanaoshuka kwenye gari zima kwa sababu mmoja kasema linanuka.

Wakibaki, jina linabaki la wote. Kifungo, baki.

Mzee wa Kona

Mama Pacha leo umeamkia upande gani wa kitanda? Ila gari limenichekesha.

Mchezaji wa Akiba

Nyie mnasumbuka na vitabu, njooni uwanjani. Ashley Cole alikuwa anamkaba nani pembeni pale akasumbuliwa kuhusu jina? Andrea Pirlo kabeba Kombe la Dunia 2006 na Italia. Joan Capdevila kabeba na Hispania 2010, beki wa kushoto. Simone Inzaghi ni kocha na ni baba wa watu. Kwa Waitalia Andrea na Simone ni wanaume, ukivuka mpaka ukaingia Ujerumani Andrea ni mama, ukiingia Ufaransa Simone ni bibi. Joan kwa Wakatalunya ni mwanaume, kwa Waingereza ni mwanamke.

Hakuna jina lenye jinsia duniani kote. Kuna majina ambayo bado hayajasafiri.

Msharika

Mchezaji umenena, na hata hapa kwetu kwenye Biblia ya Kiswahili tumo kwenye hesabu hiyo. Mtume Andrea ni mwanaume. Yohana ni mwanaume. Mpeleke Andrea wetu au Yohana wetu akaombe chuo Ujerumani, watamwandikia "Bibi" bahasha nzima. Na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuja hapa kuuliza kama Yohana ni jina la utata. Mwanamke wa jina hilo kwenye Luka 8:3 tunaandika Yoana, herufi moja tu imewatenganisha, na tunaishi.

Halafu Gomeri. Kwenye Mwanzo 10:2 ni mwana wa Yafethi. Kwenye Hosea 1:3 ni mke wa nabii. Atalia wengi mnamjua yule malkia aliyeua wajukuu zake, lakini kwenye 1 Nyakati 8:26 yupo Atalia mwanaume. Kwa hiyo jambo hili si la kizazi cha sasa, na wala si la kuigwa mahali.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya kujaza na kukagua fomu karibu utu uzima wangu wote, nichangie upande wangu.

Mnasema jina la utata litamsumbua kwenye vyeti. Hapana. Cheti cha kuzaliwa kina sehemu ya jinsia. Pasipoti ina sehemu ya jinsia. Mtu akishashika karatasi hizo jina halina kazi ya kumwambia chochote. Linapomsumbua mtu ni kwenye zile karatasi zisizo na sehemu hiyo: orodha iliyobandikwa mlangoni kama ya ndugu yetu Furaha, barua ya maombi ya kazi, orodha ya wanaolala chumba kimoja safarini, tiketi aliyokatiwa na mtu mwingine akachagua "Bi" kwa kubahatisha. Hapo mwandikaji anakisia, na karani anayekisia ni hatari kuliko karani asiyejua. Asiyejua angalau anauliza.

Kiswahili nacho kina sehemu yake. Mtu anaweza kuzungumziwa kuanzia asubuhi mpaka jioni, kafika, kasema, kaondoka, na hujui ni mwanaume au mwanamke. Jina ndilo pekee la kushikilia. Ndiyo maana watu wetu wanaling'ang'ania jina liwaambie.

Dawa yake wenzetu Masingasinga waliipata zamani. Majina yao mengi ya kwanza ni ya wote, Gurpreet anaweza kuwa kaka au dada. Kinachofuata ndicho kinachomaliza: Singh ni mwanaume, Kaur ni mwanamke. Wahispania nao wana José María ambaye ni mwanaume na María José ambaye ni mwanamke, majina yaleyale, tofauti ni lipi limetangulia. Na Wajerumani wana wanaume wengi tu wenye Maria katikati, na hakuna anayekosea kwa sababu la mbele ni Carl au Erich.

Kwa hiyo mzazi anayetaka la kwanza liwe la wote, la pili alifunge. Imani Hamisi. Imani Daudi. Na mfundisheni mtoto tangu mdogo kuandika yote mawili, asijiandikie "Imani" peke yake kwenye fomu ya mtu yeyote.

Furaha wa Kweli

Karani, ungekuwepo zamu siku ile ningelala kitandani.

Wakili Asiye na Joho

Kwa wale wanaosema sheria haiwezi kukubali, inategemea uko nchi gani, na hata zilizokuwa kali zimelegea. Ujerumani kwa miaka mingi wasajili walidai jina lionyeshe jinsia, na lisipoonyesha uongeze la pili linaloonyesha. Desemba 2008 Mahakama ya Katiba ya huko ikasema sharti hilo halimo kwenye sheria. Kesi ilihusu mtoto wa kike aliyepewa jina la Kihindi, Kiran, ambalo ni la wote. Mpaka unabaki kwenye ustawi wa mtoto: jina lisimuumize.

Iceland nako binti mmoja alinyimwa jina la Blær kwa hoja kwamba ni la kiume. Akakua huku karatasi za serikali zikimwandika "Msichana", basi. Mwaka 2013 mahakama ikampa jina lake, na mwaka 2019 sheria mpya ikafuta kabisa mgawanyo wa majina ya kike na ya kiume.

Ushauri wangu kwa Kifungo ni mdogo tu: malizeni ubishi kabla ya kusajili. Kuandika jina ni dakika chache. Kulibadilisha ni viapo, matangazo, na kurudia kila cheti kilichokwisha kutoka.

Mzee wa Kona

Sawa, mimi nimeshindwa kwa wingi wa kura. Lakini niulize kwa uzito sasa, siyo utani. Mtoto mwenyewe akija kusema halitaki?

Mama Pacha

Anatumia la pili, Mzee. Wangapi humu mnatumia la kwenye cheti?

Binti Mwalimu

Na asikatazwe. Nimeona wazazi wanaomlazimisha mtoto alipende jina kwa sababu wao walilipigania. Hayo mabishano yote na shemeji na mama mkwe ni yenu, yeye hayamhusu. Akifika umri ule wa kubalehe ambao Msomaji kautaja, akasema niiteni Daudi, mwiteni Daudi. Wengi hurudi kwenye la kwanza wakishaota ndevu, na wasiporudi hakuna aliyekufa.

Kifungo cha Koti

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote na mke wangu nimemsomea kwa sauti. Nilipofika kwa Mama Pacha alinipokonya simu.

Imani linabaki. La pili tulikuwa tumepanga kuweka Tumaini, la marehemu baba yangu. Baada ya ushuhuda wa Furaha Riziki, Tumaini tumelisogeza la tatu na katikati anaingia Daudi. Mama mkwe nimempigia kumweleza mpango mpya. Akakohoa tena, ila safari hii akauliza Daudi tutaandika kwa D mbili au kwa T mwishoni kama Daut wa ukoo wao. Kwa hiyo sasa ubishi umehamia huko, na mimi huko sina msimamo. Mwenye uzoefu na tahajia za vyeti aniambie, Karani upo?

Karani Mstaafu

Nipo. Andika kama lilivyo kwenye cheti cha yule mnayemrithi jina, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Na ukifika dirishani usilitamke tu. Mpe karani limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, alinakili mwenyewe, kisha usome kabla hajapiga muhuri.